Tupeane uzoefu: riwaya ya kusikiliza iliyokutoa jasho

Kipepeo wa Langoni
Jana stima ilipotea huku Langoni, Lamu, simu iko asilimia 30, nikasema acha nimalizie ile riwaya ya dude linalotoka baharini kubomoa mji. Msimulizi ana sauti nzito, maneno anayavuta. Kafika pale mtu anasikia pumzi nyuma ya kisogo chake, na punda wa jirani akalia chini ya dirisha langu. Wallahi nilijikuta ukumbini na mto mkononi. Haya, nani mwenzangu? Mapigano, sayari, madude makubwa, yote ruksa.

Tende na Kahawa
Punda wa Amu, yaani Lamu, wana wakati wao. Niko nawe.

Bi Sambusa
Mimi wa vyombo vya angani. Vita vimekolea, nahodha kabakiwa na hewa ya dakika nne, na mimi nina pweza wa nazi jikoni. Tui zito likianza kuchemka halitaki kuachwa, ukisahau kukoroga linakatika. Likakatika. Mume wangu kala kimya, kamaliza, kaniuliza, "Yule nahodha je, kapona?" Kumbe muda wote yuko barazani anasikiliza.

Mvuvi wa Ngomeni
Mniache nimwage. Ilikuwa kaskazi, bahari shwari, mimi na ami yangu tumetoka kuvua kwa mshipi usiku, nje ya mwamba. Sikio moja lina hedifoni, la pili la ami, maana baharini ami hasemi mara mbili. Riwaya ni ile ya Mfaransa ya mwaka 1870, ya nyambizi na madude ya mikono mirefu. Mkono wa dude ndio kwanza unaingia ndani ya chombo, na maji kando yetu yakaanza kuwaka. Wa baharini mnayajua, yale yanayometameta usiku yakitikiswa. Ule mwangaza ukaingia chini ya mashua, ukapita, ukaendelea kupita. Mashua yetu futi 24. Ulianza mbele ya omo, pua ya mashua, na haukuishia tezi, kule nyuma.

Nikatoa shahada kwa sauti, nikasimama, nikarusha nilichoshika ili nilipige. Nilichoshika ni simu. Waya ukanivuta sikio, simu ikazama huku inasoma, kioo chake nikakiona kinashuka taratibu mpaka kikawa kama kimulimuli.

Ami hata hakugeuka. "Papa shilingi huyo. Hali watu, chakula chake uduvi na vidagaa. Kaa, utatupindua." Ngomeni nzima naitwa Shilingi mpaka leo.

Tende na Kahawa
Ikazama huku inasoma!!! Nimecheka mpaka kahawa imetokea puani.

Kasri Kuukuu
Simu aina gani? Kuna zinazovumilia maji.

Mwalimu Mstaafu
Samahani nikiwaharibia, lakini hiyo siyo kusoma. Kitabu ni macho. Hiyo yenu redio tu.

Binti wa Pate
Mwalimu, shikamoo. Mwengo wa Athumani katunga utendi wa vita vya Tambuka huku Pate mwaka 1728. Bibi zetu wangapi waliushika mkononi? Ulisomwa kwa sauti, wao wakasikia mapanga.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Utendi una vina na mizani. Usiulinganishe na mjusi anayetafuna magari.

Binti wa Pate
Msikilize sura moja huyo mjusi, kisha turudi kwenye mizani.

Kasri Kuukuu
Na "redio tu" msiidharau. Mwaka 1938 huko Marekani waliigiza redioni riwaya ya Wells ya 1898, ya wavamizi kutoka Mirihi, wakaitoa kama taarifa ya habari. Baadhi ya waliofungulia katikati wakadhani ni kweli. Kwa hiyo usianzie sura ya pili.

Kijana wa Malindi
Mimi zinanikera hizi za papa megalodoni. Kila moja, kajificha kilindini. Samaki mwenyewe alikuwa wa maji ya vuguvugu na amekwisha zaidi ya miaka milioni 3. Lakini kisingizio wanacho: silakanti, samaki wa kale, alidhaniwa kaisha pamoja na madainosau, hadi 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Na 2001 akanaswa hapa kwetu, nje ya Malindi. Basi mwandishi akinitajia silakanti namsamehe nusu.

Tende na Kahawa
Malindi wakipata samaki mmoja hatulali.

Kijana wa Malindi
Nyinyi mna punda.

Bi Sambusa
Ushauri wangu: sikilizeni mchana.

Kipepeo wa Langoni
Mchana halitishi, Bi. Zima taa kabisa.

Dereva wa Tuktuk
Weka kasi moja na nusu, dude linanguruma kama kuku, hofu yote inaisha. Ila za mapigano usisikilize ukiendesha. Mimi nilimkimbiza abiria mpaka Mambrui na yeye alikuwa anashuka sokoni.

Kasri Kuukuu
Shilingi hajajibu. Simu aina gani?

Mvuvi wa Ngomeni
Ya mkopo. Nilikuwa nimelipa awamu mbili. Sasa nina nyingine na ami ndiye anayeishika tukiwa baharini. Kiingereza hajui, ila dude likinguruma ananiuliza limefika wapi.

Mama Wawili
Mwenye hiyo ya dude la kubomoa mji anirushie. Watoto wakishalala.