Nimelipia vipimo vya udongo Mwariki, Nakuru, wamepima tundu moja na kuandika sita

Wadau, nina hasira na sitaificha. Ripoti iko hapa mezani: matundu sita yamepimwa, yote yameshindiliwa asilimia 97 kwenda juu, yaani ya mkazo wa juu kabisa ambao udongo huo unafikia maabara. Siku hiyo nilikuwa kwenye ploti tangu saa mbili asubuhi hadi walipofunga vyombo vyao. Tundu lilikuwa moja.

Na limechimbwa wapi? Katikati ya njia ya lori, mahali magurudumu yamekanyaga wiki nzima. Kijana wa maabara alichimba kashimo kama sufuria ndogo, akakusanya udongo wote kwenye nailoni, akapindua chupa ya mchanga mkavu na koni yake mpaka shimo likajaa, akapima uzito. Hapo alifanya kazi safi, simlaumu. Nilipomwambia, "Kijana wangu, sasa twende kule kona ya choo," akamwangalia foromani. Foromani akanijibu, "Mama, wacha wataalamu wafanye kazi."

Walipoondoka nilichukua nondo ya milimita 12, nikaenda kwenye kona hiyo na mwanangu. Tuliisukuma kwa mikono. Ilizama futi mbili bila kuguswa na nyundo! Udongo uliokazwa asilimia 97 hauruhusu hivyo.

Sababu naijua, niliiona. Kifusi cha mchanga kilimwagwa kimo cha futi nne kwa siku mbili, ndipo rola ikapita juu juu. Kushindilia ni tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20: unalowesha kiasi, unapitisha rola, unapima, ndipo unamwaga jingine. Ukirundika futi nne kwa mpigo, rola inakaza ganda la juu na chini kunabaki vilevile.

Kuna atakayesema makelele ya nini, nyumba yenyewe ni ya chini tu. Jamani, tuko Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi kule Subukia, kaunti yetu hii hii. Na huku Mwariki Ziwa Nakuru limetufuata. Tulipochimba shimo la choo, maji yalitokea futi ya saba. Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa, chembe zake zinataka kubanana, lakini maji yaliyo katikati hayana pa kukimbilia. Presha yake inapanda mpaka chembe zinaachana, ardhi inakuwa uji. Niigata, Japani, mwaka 1964, magorofa yalilala ubavu yakiwa mazima. Mji huohuo, majengo yaliyokuwa juu ya mchanga ulioshindiliwa kwa mtambo wa kutetema unaozamishwa ardhini yalipata madhara madogo. Ndiyo maana nilikubali kutoa pesa zangu za kustaafu kwa kazi hii.

Sasa kinachonichoma zaidi. Hata yangekuwa matundu sita ya kweli, koni ile inapima sentimita 15 hivi za juu. Hatari iko chini, kwenye mchanga uliolala ndani ya maji. Huko kunataka kipimo cha nyundo: wanachimba tundu refu, wanaangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka kimo cha sentimita 76, wanahesabu mapigo ya kuzamisha bomba sentimita 30. Mapigo yakipita 30, mchanga huo umekaza, wahandisi hawauhofii. Yakiwa matano au sita na maji yapo, hapo usijenge kabla ya kuukaza. Kipimo hicho kimo kwenye mkataba wangu, ukurasa wa tatu, na nimekilipia. Mtambo sikuuona hata kwa mbali. Nilipouliza nikaambiwa matokeo yamekadiriwa kutoka ploti ya jirani. Jirani nimemuuliza: hajawahi kupimiwa chochote.

Msingi ulikuwa uanze Jumatatu. Nimefunga geti kwa kufuli langu mwenyewe, na mawe yamebaki nje barabarani. Nimemwandikia mkandarasi kwamba matundu sita yarudiwe, mahali nichague mimi, na la nyundo lishuke mita 10. La sivyo arudishe pesa. Siku ya nne leo, kimya.

Mliojenga upande huu wa ziwa, mlioneshwa huo mtambo wa nyundo? Wekeni ripoti zenu hapa, mfiche majina. Nataka kuona kama na zenu zote zinasema 97.