Daraja la tatu Ulaya: Serie C ya Italia, 3. Liga ya Ujerumani au Primera Federación ya Hispania?

NyundoTemeke (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na Serie A tangu enzi za Mariga akiwa Inter, na msimu huu nataka niteremke chini: nichague ligi moja ya daraja la tatu niifuatilie kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Nimebaki na tatu, na niliyoyaokota mpaka sasa ni haya.

Italia: timu 60, makundi matatu ya timu 20 kila moja (A, B na C). Wanapanda wanne kwenda Serie B, wanashuka tisa kwenda Serie D.

Ujerumani: timu 20, msimamo mmoja wa nchi nzima. Wawili wanapanda moja kwa moja, wa tatu anacheza na timu ya 16 ya 2. Bundesliga. Wanashuka wanne.

Hispania: timu 40, makundi mawili. Vinara wawili wanapanda, wengine wawili wanapatikana kwenye mchujo wa nafasi ya 2 hadi ya 5. Kila kundi linashusha watano.

Ukiangalia hivi tu, ya Ujerumani ndiyo imenyooka. Lakini kila ninayemuuliza ananitajia Serie C, na hakuna aliyenieleza vizuri ile nafasi ya nne ya kupanda inapatikanaje. Anayejua anifungue macho.

KipaMkongwe

Nyundo, swali lako ndilo roho ya Serie C yenyewe. Vinara watatu wanapanda, hapo hamna mjadala. Nafasi ya nne inagombewa na timu 28. Umesoma sawasawa, 28 kati ya 60: kila kundi linatoa wa 2 hadi wa 10, hao ni 27, na wa 28 ni bingwa wa Coppa Italia ya Serie C, yaani kombe la timu za daraja hilo.

Hawaanzi wote siku moja. Wa 5 hadi wa 10 wanamalizana kwanza ndani ya kundi lao, mechi moja tu, kwenye uwanja wa aliye juu, na sare inambeba yeye. Raundi ya pili anaingia wa 4, utaratibu ule ule. Baada ya hapo makundi yanachanganywa na mechi zinakuwa za nyumbani na ugenini: wanaingia wa 3 pamoja na bingwa wa kombe, halafu raundi inayofuata ndipo wanaingia wa 2. Zikibaki timu nne, faida ya msimamo inafutwa. Jumla ikilingana ni dakika za nyongeza, kisha penalti.

Piga hesabu. Wa 2 anahitaji mechi 6 ili apande. Wa 3 mechi 8, wa 4 mechi 9. Kuanzia wa 5 kushuka chini ni mechi 10, juu ya zile 38 za msimu.

Sasa nikupe kisa kimoja ujue kwa nini watu hawaiachi ligi hii. Padova. Msimu wa 2020/21 walimaliza na pointi 79, Perugia nao 79. Italia timu zikilingana wanaangalia kwanza mechi za wao kwa wao, Perugia wakapanda. Padova wakaingia mchujo, wakafika fainali na Alessandria, 0-0 kwao, 0-0 ugenini, wakafungwa kwa penalti. Mwaka uliofuata wakamaliza wa pili tena, safari hii nyuma ya Südtirol, wakafika fainali tena, Palermo wakawapiga 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Mwaka 2024 wa pili tena, nyuma ya Mantova, na fainali ya kombe wakapoteza kwa Catania. Walipanda 2025, na walipanda kwa kuongoza kundi. Miaka hiyo yote mchujo haukuwapa kitu. Mimi si shabiki wa Padova, lakini siku ile nilifurahi kama ni timu ya mtaani kwetu.

BintiWaMvita

Kipa umeeleza vizuri, ila kisa chako kinanipa mimi hoja. Mfumo gani huo ambao timu inamaliza ya pili mara tatu na kila mara inarudi kuanza sifuri? Na 2025 je? Ternana walimaliza wa pili Kundi B. Pescara walikuwa wa nne, Kundi B hilo hilo. Miezi tisa Ternana wako juu yao, halafu wanakutana fainali, kila mmoja anashinda 1-0 ugenini, penalti, Pescara anapanda. Nawapongeza Pescara, lakini hapo mechi 38 zilikuwa za nini?

3. Liga ukimaliza wa pili umepanda, basi. Na usidhani kiwango ni cha chini: Arminia Bielefeld 2025 walifika fainali ya kombe la Ujerumani wakiwa daraja la tatu, wakafungwa 4-2 na Stuttgart, na msimu huo huo wakapanda daraja. Timu ni 20, utazijua zote kwa majina kabla ya Desemba. Timu 60 utazijua lini, Nyundo?

KipaMkongwe

Dada, kuhusu Ternana sina cha kukujibu, iliuma. Ila nami nikuulize: chini ya 3. Liga kuna Regionalliga tano, ndizo ligi za daraja la nne, na nafasi za kupanda ni nne. Kwa hiyo kila mwaka kuna bingwa wa ligi ambaye kuwa bingwa peke yake hakumtoshi. Italia Serie D ina makundi tisa na vinara wote tisa wanapanda. Ukipima haki, ipime na kwa huyo wa chini.

MswahiliBergamo

Nasoma nikiwa huku huku Lombardia, mwaka wa sita sasa, na mechi za Kundi A naenda kwa miguu yangu. Niongeze yale ambayo msimamo hauonyeshi.

Hiki ndicho kiwango cha mwisho cha soka la kulipwa Italia. Serie D ni ya ridhaa. Kwa hiyo mtu akishuka kutoka Serie C anashuka hadhi nzima ya klabu, na mechi za mkiani zina ukali ambao sijauona hata kwenye mechi za kupanda. Wa 20 anashuka moja kwa moja. Wa 16 anacheza na wa 19, wa 17 na wa 18, nyumbani na ugenini, jumla ikiwa sare anabaki aliyemaliza juu. Lakini pengo likizidi pointi 8 mechi hazichezwi kabisa, wa chini anaondoka. Ndiyo maana Aprili utaona timu ya 16 inapigania bao la dakika ya 90 kama fainali: inataka kumwacha wa 19 kwa pointi 9.

Halafu timu zenyewe. Giana Erminio wako Gorgonzola, mji wa ile jibini, unafika kwa metro ya Milano. Jina ni la kijana wa hapo, mwanajeshi wa milimani aliyekufa Vita Kuu ya Kwanza. Kundi hilo hilo nimewaona Pro Vercelli, mabingwa wa Italia mara saba, wa mwisho ukiwa 1922. Nimekaa pale nikiwa na watu wachache tu, baridi inauma, nikawaza kwamba jezi hii nyeupe iliwahi kuwa juu ya Juventus na Milan. Nyundo, hisia hiyo Ujerumani hutaipata kwa namna hii.

Ukitaka kelele nenda Kundi C, kusini. Catania, Benevento, Foggia, viwanja vya timu zilizowahi kucheza Serie A. Catanzaro walipanda kutoka huko 2023 na pointi 96 katika mechi 38, mabao 102.

NyundoTemeke

Nimekunywa chai yote sijajua imeisha lini. Nina maswali mawili. Hizi timu za Juventus na Atalanta za vijana zinaruhusiwa kupanda? Na nasikia timu zinafutwa katikati ya msimu, ni kweli?

KipaMkongwe

La vijana nalijibu mimi. Juventus walikuwa wa kwanza 2018, sasa wanaitwa Next Gen, na 2020 walichukua Coppa Italia ya Serie C. Atalanta wakafuata 2023, Milan 2024, Inter 2025. Zinaruhusiwa kupanda Serie B, mradi zisikae ligi moja na timu mama. Kushuka pia zinashuka: Milan Futuro walishuka Serie D msimu wao wa kwanza, baada ya kufungwa na SPAL kwenye mchujo wa mkiani.

Hapa linganisheni. Ujerumani kikosi cha pili hakipandi hata kikiwa bingwa. Bayern II walichukua 3. Liga 2020 wakabaki pale pale. Hispania ndiyo wako huru kuliko wote, Real Sociedad B wamepanda 2021 na wamepanda tena 2025. Kwa maoni yangu Italia imechelewa, lakini faida imeonekana haraka: Fagioli, Miretti, Soulé, Huijsen na Yıldız wote wamepita Next Gen.

MswahiliBergamo

Kaka hapo tunatofautiana. Kila nafasi inayochukuliwa na kikosi B ni mji mmoja umekosa timu. Mashabiki wa huku wana uchungu na jambo hilo, na mimi niko nao. Mtoto wa Vercelli anakuja na babu yake uwanjani. Kikosi B kinakuja na wachezaji wazuri na majukwaa ya ugenini yako matupu.

BintiWaMvita

La kufutwa nalijibu mimi, maana ndilo linalonifanya niiogope Serie C. Ni kweli kabisa. Machi 2025 Taranto na Turris waliondolewa Kundi C kwa sababu ya madeni, na matokeo yao yote yakafutwa. Aliyewafunga akapoteza pointi zake, aliyefungwa nao akapona. Msimamo ukabadilika bila mpira kuguswa.

Na kuna lile la Februari 2019. Pro Piacenza walikuwa hawana mishahara, wachezaji wameondoka, mechi tatu hawakutokea. Ya nne wangefutwa, kwa hiyo mechi yao na Cuneo wakapeleka watoto saba. Hadi mapumziko Cuneo walikuwa mbele 16-0, mwisho 20-0. Wakafutwa vilevile. Mimi nina mdogo wangu wa umri ule anacheza mpira. Niliposoma habari ile nilijiuliza ni mtu mzima gani aliyewapandisha watoto wale kwenye basi.

Ujerumani nako yapo, sikatai. 1860 München 2017 walishuka kutoka 2. Bundesliga, fedha za leseni ya daraja la tatu hazikulipwa, wakaenda moja kwa moja la nne. Lakini ilikuwa kiangazi, kabla ligi haijaanza. Hakuna mpinzani aliyenyang'anywa pointi.

MswahiliBergamo

Hilo dada umesema kweli, na ndilo donda la Serie C. Sitalitetea. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mji haufi na klabu. Catania walifutwa Aprili 2022, mechi chache kabla ligi haijaisha. Wakaanza upya Serie D, wakarudi, na 2024 wakachukua kombe walilowapokonya Padova. Msimu ule kwenye ligi walimaliza nje ya kumi bora, wakaingia mchujo kupitia mlango wa kombe. Napoli wenyewe walifilisika 2004 wakaanzia Serie C1, daraja la tatu la wakati huo, na mwaka wa kwanza walifungwa na Avellino kwenye fainali ya mchujo.

NyundoTemeke

Basi nimeamua. Binti, kwa mpangilio na usalama wa msimamo umenishinda, 3. Liga ni bora, na ningekuwa kiongozi wa klabu ningetaka kucheza huko. Hispania naona hakuna aliyeitetea. Ila mimi natafuta ligi ya kuumia nayo, nachukua Serie C. Kundi C, timu Catania. Naanza Agosti.

KipaMkongwe

Karibu sana. Chukua timu kwanza, kundi baadaye. Makundi yanapangwa upya kila kiangazi kulingana na nani amepata leseni na nani amekosa. Juventus Next Gen wa Torino waliwahi kupangwa Kundi C wakawa wanasafiri kusini msimu mzima. Catania watabaki kusini tu, lakini wapinzani wao usiwakariri mpaka orodha itoke.