Tupeane uzoefu: wakili wa makampuni anahitaji hesabu kiasi gani?

MwanaVuga: Asalaam alaykum wenzangu. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria pale Tunguu. Jana kanambia alikimbilia sheria kwa kuwa hesabu zilimshinda skuli, na anataka awe wakili wa makampuni. Nikakumbuka mengi. Semeni yaliyokukuteni hasa.

BintiShangani: Wacha nianze mie, hili lilinikaa moyoni. Tulisimama upande wa wauzaji, familia yenye hoteli ndogo pwani ya mashariki, wanauza hisa zote kwa dola milioni 2. Mkataba ukasema siku ya kukabidhiana madeni yanatolewa kwenye bei, na fedha iliyomo benki inaongezwa. Mkopo wa benki ulikuwa 600,000, mzee wa familia anaujua na kaukubali.

Usiku wa kuamkia kusaini nikawa nasoma ufafanuzi wa maneno, kurasa ambazo watu huziruka. "Deni" linajumuisha amana za wageni waliolipia vyumba mapema. Nageuza ukurasa, "fedha taslimu" haijumuishi amana hizo hizo! Na ilikuwa mwezi wa sita, wageni wa Julai na Agosti wameshalipa, amana 180,000. Kwenye akaunti muna 230,000 kwa jumla. Nikachukua kalamu: milioni 2, toa 780,000 (mkopo na amana), ongeza 50,000 (fedha ya benki bila ya amana). Inabaki 1,270,000. Amana zingehesabiwa pande zote mbili, ingebaki 1,450,000. Mzee anakatwa 180,000 kama deni, na pesa yenyewe anabaki nayo mnunuzi.

Kujumlisha na kutoa tu hapo, hakuna zaidi. Asubuhi nikamuonesha mzee kwenye karatasi. Akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, milioni 2 yao si milioni 2 yetu?"

NahodhaWete: Hapo kwenye amana umenigusa dada. Na sisi yalitufika.

Mzee wa Hoja: Pole, lakini hiyo kazi ya mhasibu. Wakili akijitia mhasibu, siku hesabu ikenda kombo atashtakiwa yeye.

BintiShangani: Kaka yangu, mhasibu alipewa tarakimu, mkataba hakupewa. Maana ya "deni" kaiandika wakili. Nani aisome?

Mzee wa Hoja: Si apelekewe na mkataba! Mie kila fomula naituma kwa mhasibu, namtaka ajibu kwa maandishi.

BintiShangani: Na utajuaje kama jibu lake linalingana na kifungu, kama hesabu yenyewe huifuati?

KarafuuMbichi: Jamani mtagombana baadae. Dada, mzee alisaini?

NahodhaWete: Na mie nasubiri hapo hapo.

BintiShangani: Alisaini, kifungu kimeshabadilishwa. Mawakili wa upande wa pili walipinga mpaka adhuhuri, tukaweka mfano wenye namba mbele yao, wakakubali. Tokea hapo sikubali fomula ya bei bila ya mfano wa hesabu kuambatanishwa kwenye mkataba, na mfano huo uwe sehemu ya mkataba.

Mzee wa Hoja: Hilo la mfano nalikubali kwa mikono miwili.

MchakeChake: Huku Pemba hesabu zinatukuta kwenye mirathi. Mama kafariki, ana hisa zote 13,000 za kampuni ya familia. Kaacha mume, mabinti wawili na mama yake mzazi. Mume robo, mabinti thuluthi mbili, mama mzazi sudusi, yaani moja juu ya sita. Jumlisha: 3, 8 na 2 juu ya 12, inakuja 13! Wakili mmoja mgeni akasema Kadhi kakosea. Hakukosea, ndiyo aul hiyo: mafungu yakizidi mali, kila mtu anapunguziwa, yanagaiwa kwa 13. Mume 3,000, kila binti 4,000, mama mzazi 2,000. Mume aliyedhani ana robo ya kura, hanayo tena. Ukiandika katiba ya kampuni inayotaka robo ya hisa kuitisha mkutano, angalia hapo.

KarafuuMbichi: Subhanallah, hili sikuwahi kulifikiri.

Ukumbi wa Nyuma: Na kodi msiisahau. Kodi ya mapato ni ya Muungano, Sheria ya 2004 inatufika na sisi Zanzibar. Kampuni ambayo wasio wakaazi wa nchi wanamiliki asilimia 25 au zaidi, deni kwa mtaji lisizidi 7 kwa 3. Mtaji dola 300,000, deni mwisho 700,000. Ukizidisha, riba ya ile ziada haikubaliwi kuwa gharama wakati wa kupiga kodi. Nimeona watu wakimwaga mikopo kutoka kampuni mama na wakili kimya.

NahodhaWete: Mwambie huyo mtoto asihofu. Asilimia, sehemu na uwiano, basi.

BintiShangani: Si basi! Ajue kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na mtiririko wa fedha. Na ajue kuuliza. Mwekezaji analeta 500,000, kampuni "ina thamani ya milioni 2". Kabla ya pesa yake kuingia au baada? Kabla, anapata asilimia 20. Baada, anapata 25. Neno moja hilo.

Mzee wa Hoja: Aanze na sheria kwanza, hesabu atazikuta kazini.

Ukumbi wa Nyuma: Kazini hakuna wa kumfundisha, kila mtu anakimbizana na muda. Asome uhasibu sasa hivi.

MwanaVuga: Nampelekea yote haya leo. Mwenye kitabu cha uhasibu cha kidato cha tatu aniazime, nitakifuata Mwanakwerekwe au popote.

KarafuuMbichi: Ninacho mie, lakini kurasa za uchakavu wa mali zimechanika.

MwanaVuga: Nakuja baada ya alasiri inshaallah.