Töregene alikuwa "kaimu" tu, au alitawala kweli?

Bint_Tabora:
Wakuu, habari za jioni. Ögedei Khan alifariki Desemba 1241. Mjane wake Töregene akashika dola ya Wamongoli mpaka 1246, mwanawe Güyük alipotawazwa. Kila ninaposoma naona anaitwa kaimu, na inaniuma. Kaimu gani anawafukuza mawaziri wa marehemu? Chinqai, mmoja wao, ilibidi akimbie kuokoa roho yake! Naomba mnieleze, nguvu ile aliitoa wapi? Ni kwa mume tu?

Mzee_wa_Pangani:
Mwanangu, anzia kwenye mahema. Kila mke mkubwa alikuwa na kambi yake, waliyoiita ordo, yenye mifugo, watumishi na watu wake mwenyewe. Mume akifa, kambi inabaki na mwenyewe.

Mtazame Sorghaghtani. Mumewe Tolui, nduguye Ögedei, alimwacha mjane mwaka 1232, na Ögedei akataka aolewe na Güyük. Alikataa, akasema ana wanawe wa kulea. Alijua anachokilinda. Angekubali, watu na mali ya Tolui vingehamia nyumba nyingine. Yeye Mkristo, lakini alitoa fedha zikajenga madrasa Bukhara, maana raia Waislamu nao walikuwa wake kuwatunza. Mwaka 1248 Güyük alipoelekea magharibi na jeshi, ni Sorghaghtani aliyempelekea Batu, mtawala wa Wamongoli wa magharibi, habari ajihadhari. Güyük akafia njiani. Mwaka 1251 Batu akamuunga mkono Möngke, mwana wa Sorghaghtani, na kiti kikahama ukoo wa Ögedei. Huo ndio utawala, mwanangu.

Bint_Tabora:
Shikamoo Mzee, na ahsante. Ila Oghul Qaimish, mjane wa Güyük, naye alikuwa na kambi yake. Mbona aliishia mtoni?

Mzee_wa_Pangani:
Marahaba. Alikuwa na kambi, lakini ndugu wa mume walimgawanyikia, hata wanawe walifungua mabaraza yao kumpinga. Baada ya Möngke kushinda, alihukumiwa katika kambi ya Sorghaghtani, akafungwa ndani ya sufu na kutoswa. Mwanamke kumhukumu mwenzake kifo kwenye baraza lake! Naisoma habari hiyo kwa huzuni kila mara, lakini inajibu swali lako.

Nahodha_Kilwa:
Niongeze kidogo, maana kuna shahidi aliyefika kwetu. Ibn Battuta alikuwa Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye alifika kambini kwa Uzbek Khan, mtawala wa Wamongoli wa magharibi, kwenye nyika za kaskazini mwa milima ya Kaukasi. Anaeleza kwamba Taydula, khatuni (yaani malkia) mkubwa, alipoingia, khan aliinuka, akamlaki mlangoni mwa hema, akamshika mkono, wala hakuketi kabla yake. Watu wote wakitazama. Na Uzbek alipokwisha kufa, Taydula aliendelea kutoa hati kwa jina lake: mwaka 1354 alimwandikia Aleksey, kiongozi wa kanisa la Warusi, apite salama hadi Konstantinopoli.