USHAURI: Mama hajui kwamba Rayna anakufa. Nimwambie, au nimwache aone mwenyewe?

Kitinda Mimba (jana, saa 3:40 usiku)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Onyo kwanza: kama unaangalia Nashville, ile tamthilia ya Kimarekani ya waimbaji wa kantri, na hujafika msimu wa 5, toka humu sasa hivi, usije ukanilaumu kwamba nimekuharibia utamu.

Naishi na mamangu hapa Arusha. Ana miaka 68, muuguzi mstaafu. Tangu tukiwa wadogo kaseti za nyumbani zilikuwa za aina mbili tu, kwaya na kantri: Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton. Kwa hiyo mwaka jana nikamletea Nashville kwenye flashi, nikajua ataangalia siku mbili atachoka. Thubutu! Kila siku baada ya taarifa ya habari ni episodi mbili, ungo wa mchele mapajani. Wakiwa wanaongea anachambua mchele. Wakianza kuimba mikono inasimama, mpaka wimbo uishe. Kiingereza anakielewa, ila lafudhi ya watu wa Tennessee inampiga chenga, basi ananiuliza "kasemaje?" na mimi nusu nabuni.

Shida ni kwamba Rayna Jaymes, yule mwimbaji ambaye ndiye mhusika mkuu, kawa kama jirani yetu. Anamsema, anamtetea, anamwonea huruma kwa wale wanaume wawili, Teddy mumewe wa kwanza na Deacon mpenzi wake wa zamani. Teddy anamwita "huyo meya wake" na hata tulipofika walipoachana hakuacha. Juliette, yule mwimbaji kijana mpinzani wa Rayna, ni "kale kabinti", na misimu mitatu alikuwa hampendi kabisa. Ila Juliette alipojifungua akawa anamkimbia mtoto wake, mimi nikasema huyu mwanamke ana roho mbaya, nikakatwa kauli: "Huo ni ugonjwa, baba. Nimewauguza wengi, huku ndugu wanasema karogwa."

Sasa tuko msimu wa 5, episodi ya 7. Juzi natafuta mtandaoni jina la yule dada anayeigiza Scarlett (kumbe ni wa Australia, na anayeigiza Gunnar mpenzi wake ni Mwingereza, nilibaki mdomo wazi), nikakutana na habari kwamba Rayna anakufa episodi ya 9. Gari alilopanda linagongwa, anapelekwa hospitali, anaongea na watu wake, halafu anaondoka.

Mzee wetu alifariki 2019. Ajali, barabara ya Segera. Alifikishwa hospitali akiwa anaongea. Mama alikaa naye usiku ule, akatuambia watoto tukalale, hali inaridhisha. Asubuhi tulikuta kitanda kimeshatandikwa.

Naomba ushauri wenu. Nimwambie mapema? Niruke hiyo episodi? Au niseme flashi imeingia virusi tuishie hapo?

Chapa Lapa
Mkuu, uzi mzima kwa ajili ya kifo cha mzungu wa kwenye TV? Hapa nilidhani umefumaniwa. Ngoja nikae pembeni na karanga zangu.

Binti Rehema
Chapa Lapa nyamaza, kuna vitu huvijui.

Kitinda Mimba, mimi ile episodi niliiangalia kwenye simu ndani ya daladala, Mwenge kwenda Posta, sijui chochote, sijaandaliwa na mtu. Wale mabinti zake walipoanza kumwimbia mama yao kitandani nikaachia kilio cha sauti. Konda akanirudishia nauli yangu, akaniambia "pole dada, Mungu ampumzishe". Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nilishuka na mia nne zangu mkononi.

Na mimi sijafiwa na mtu kwa ajali. Kwa mamako, tafadhali, mwambie.

Fundi Redio
Kuruka episodi futa kabisa hilo wazo. Kuanzia ya 10 nyumba nzima iko msibani. Deacon ambaye sasa ndiye mumewe, mabinti zake Maddie na Daphne, wote wanatembea na kifo kile. Mama atakuuliza "Rayna yuko wapi?" utamwambia kaenda wapi, Dubai?

Kingine, hasira za watazamaji hazikuwa za kifo peke yake. Nashville ilianza kwenye televisheni ya ABC Oktoba 2012, ikaenda misimu 4, Mei 2016 ABC wakaifuta. Mashabiki wakapiga kelele mitandaoni wiki kadhaa, na mwezi uliofuata kituo kingine, CMT, wakishirikiana na Hulu ya mtandaoni wakasema wataichukua. Watu walifurahi kama timu yao imerudi ligi kuu. Halafu 23 Februari 2017, episodi 9 tu tangu ifufuliwe, wanamzika mama mwenye nyumba. Mtu alipigania gari lisiuzwe, limerudi gereji limeng'olewa injini. Wengi waliacha siku ile ile na mpaka leo hawataki kuisikia.

Tuwe wakweli lakini: Connie Britton mwenyewe, anayeigiza Rayna, ndiye aliyetaka kuondoka. Sasa waandishi wangefanya nini? Rayna wa misimu minne aamke tu siku moja awaache watoto na Deacon ahamie mji mwingine? Hakuna mtazamaji angemeza hiyo. Kumuua kulikuwa na heshima zaidi. Nilichowachukia ni kutuzungusha. Walituletea kwanza yule jamaa mwenye matatizo ya akili anamvamia ofisini, tukashika roho, anatoka salama, tunapumua, ndipo gari la polisi alilopanda linagongwa. Huo ni uchokozi.

Mzee wa Kaseti
Mimi wa upande wa Nakuru. Mama huyo ningependa kumsalimia kwa mkono. Kwetu kantri ni ya arusi, ya matanga na ya baa, vijana wanashangaa tu.

Langu ni fupi. Wakati mwingine mtu mzima akiambiwa habari mbaya kabla, unakuwa umempa siku mbili za kungoja msiba. Mwache aangalie, wewe kaa karibu naye. Usiende jikoni, usishike simu.

Mkongo wa Tennessee
Jambo wandugu. Miye niko Nashville yenyewe, mwaka wa saba huu, ghala moja nafanya usiku. Nilipofika sikuwa najua kama kuna tamthilia, nilijua tu kazi ipo.

Ile Bluebird Cafe ambamo Scarlett anahudumia meza, ni mahali pa kweli, barabara ya Hillsboro Pike, kwenye safu ya maduka ya kawaida kabisa. Ukipita bila kuangalia kibao utafikiri ni saluni. Watu kama tisini wakiingia, pamejaa. Watunzi wanakaa katikati na magitaa, watu wamewazunguka, na ukiongea wakati wa wimbo unanyamazishwa. Pale wanapopiga picha za tamthilia walikuwa wamejenga yao studioni, ya kufanana. Lakini tangu tamthilia itoke foleni ya Bluebird ya kweli imekuwa kama ya mkate wakati wa vita. Mwambie Mama: huko akiingia na ungo wake wa mchele watamwelewa, kwa sababu na wao wimbo ukianza mikono inasimama.

Ushauri sina. Niliacha kuangalia ile episodi ya ajali. Kule kwetu Uvira nimeona ya kutosha.

Bi Mkora
Nimesoma kuanzia juu. Mwanangu Kitinda Mimba, mimi pia ni mjane, mwaka wa tisa.

Niulize kitu. Wewe ulisema Mama aliwaambia mkalale. Asubuhi nyie ndio mliokuta kitanda kimetandikwa. Yeye hakukikuta, yeye alikuwepo. Sasa kati yenu wawili, nani hajui kifo cha hospitali kinakaaje?

Usinijibu. Mwambie mamako kesho, mchana, si usiku. Na usimwambie kwa sauti ya kufunga mlango. Sema tu, "Mama, nimesoma huko mbele Rayna hatoboi." Akitaka kuendelea mtaendelea.

Chapa Lapa
Bi Mkora umenifanya niweke karanga chini.

Binti Rehema
Nyongeza: akiisha kulia mwambie tamthilia inaendelea. Kuna episodi 13 za msimu wa 5 zimebaki na 16 za msimu wa 6. Na kwenye ile ya mwisho kabisa Connie anarudi, kwenye kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimesusa miezi kumi, nikarudi kwa ajili hiyo tu. Lakini sitakudanganya, bila Rayna ni chai isiyo na majani. Nyimbo zipo, wanaimba wenyewe kama kawaida, ila unasikia nafasi yake.

Fundi Redio
Napingana kidogo. Charles Esten, anayeigiza Deacon, anaibeba sana baada ya pale. Huyu jamaa alikuwa mchekeshaji, leo anapanda Grand Ole Opry, lile jukwaa kongwe la kantri, kama yuko kwao. Msimu wa 5 ndio uliomfanya.

Kitinda Mimba (leo, saa 4:15 usiku)

Wakuu, asanteni wote. Bi Mkora, shikamoo, swali lako lilininyima usingizi na sitalijibu kama ulivyosema.

Nimemwambia leo saa nane mchana. Alikuwa uani anaanika nguo. Nikasema kama nilivyofundishwa, Rayna hatoboi. Akaendelea kubana nguo kwenye kamba, kanga moja, ya pili. Akauliza, "Gari?" Nikasema gari. Akauliza, "Alifika hospitali?" Nikasema alifika, aliongea. Akatikisa kichwa, akabana shuka.

Mimi nimeshajiandaa na maneno ya kumfariji, yote nimeyapanga. Akageuka akaniuliza, "Na Deacon? Anarudia chupa?"

Nikasema sijui. Kweli sijui, sikusoma mbele zaidi.

Kwa wasioijua: Deacon ni mlevi aliyeacha. Mwisho wa msimu wa 1, siku aliyogundua kwamba Maddie ni binti yake, alirudia, na usiku ule ndio akapata ajali na Rayna garini. Siku ile Mama hakuangalia episodi ya pili, alisema kichwa kinamuuma. Mimi nilijua ni kwa sababu ya gari lililopinduka.

Leo akaniambia, "Baba yako alikuwa ameacha miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi nilikuwa namnusa kabla hajaamka. Hata ile asubuhi ya safari nilimnusa." Halafu akasema kama anaongea na nguo: "Ningetangulia mimi, angerudia wiki hiyo hiyo. Mungu alijua."

Mimi ni kitinda mimba. Baba niliyemjua anakunywa soda ya tangawizi kwenye sherehe. Kaka zangu huwa wananyamaza nikiwauliza habari za zamani, sasa nimeelewa kidogo kwa nini.

Kwa hiyo miezi yote hii nadhani anamwangalia Rayna, kumbe jicho lake liko kwa Deacon. Nimekumbuka mambo mengi. Ile ya saratani ya ini, dada yake Deacon alipompa kipande cha ini lake akafa yeye, Mama alisema, "Sasa huyu atajiona ana deni, watu wenye deni wanakunywa." Nilidhani ni uuguzi unaongea.

Leo tumeangalia ya 7 na ya 8. Ya 9 ni kesho. Naomba sana, Fundi Redio, Binti Rehema na wengine mliomaliza: kuhusu Deacon msiandike chochote humu, hata kwa mafumbo. Nataka nikae pale nikiwa sijui kama yeye asivyojua.

Ameshaniambia kesho hachambui mchele.