Bosi alipokutaka useme uongo: tupeane uzoefu

Ndugu zangu, naanza mwenyewe. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kampala. Kila mwezi nilikata 5% ya mshahara wa kila mtu kwa ajili ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Anayelipwa 400,000 nilimkata 20,000, na sheria inamtaka mwajiri aongeze 40,000 zake. Hazikupelekwa hata moja. Bosi akanielekeza: wakiuliza, sema mtandao una hitilafu. Alinisemesha kwa upole, akiniita mwanangu, nami nikasema hivyo miezi saba. Mama mmoja mfagizi akaenda mwenyewe Workers House, kwenye ofisi za NSSF, kuuliza. Aliporudi hakugomba. Alisimama mlangoni kwangu akanitazama, kisha akachukua ufagio wake. Bosi hakuwahi kumwambia neno. Aliyemdanganya ni mimi. Kesho yake nilikataa kuandaa orodha ya mishahara, nikafukuzwa. Nani mwingine yamemkuta?

Mpima kahawa, Masaka: Tulinunua kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, kwa wakulima, na tajiri alitaka mzani uwapunje kilo mbili kila gunia. Eti wote wanafanya. Siku moja mzee akaja na magunia manne, akanitajia kilo zake kabla sijapima. Alikwishapima kwa jirani. Nilimlipa kwa hesabu yake. Tajiri akaikata tofauti kwenye ujira wangu.

Dada wa Busia: Mimi nilikuwa duka la dawa. Niliambiwa nibandue tarehe kwenye dawa zilizopitwa na wakati. Watu wananunulia watoto wao hizo! Niliondoka siku hiyo hiyo, nikakaa miezi mitano sina kazi, na nina watoto wawili. Sijuti, ila msimwambie mtu ni rahisi.

Kaka wa Jinja: Karani, ulifukuzwa lini? Malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3, usichelewe. Michango isiyopelekwa, NSSF wenyewe wanapokea taarifa. Tena kuna sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu. Mimi bosi aliponitaka nipandishe bei za zabuni, nilimwomba aniandikie agizo hilo na kutia sahihi. Hakuandika, wala hakulirudia.

Karani: Asante kaka. Ni wiki ya sita sasa. Nakala za orodha za miezi yote saba ninazo. Nimempigia yule mama nikamwomba radhi, nikamweleza yote. Jumatatu tunakwenda pamoja.