Tupeane uzoefu: siku goti lako lilipokuumbua

Kinyumenyume:
Wanajamvi, leo nimemwona mama mmoja anashuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, mkoba kauning'iniza shingoni. Watu wanamshangaa. Mimi hata sikushtuka, maana nimeshuka hivyohivyo mwaka mzima huku najifanya nimesahau kitu juu. Goti la kulia. Kupanda siyo tabu, tabu kushuka: mguu unatangulia, goti linalia krr, halafu linataka kukuachia. Wenye magoti, nyonga na vidole vilivyosagika, karibuni. Lilikuumbua lini?

Bi Nyonga:
Umenigusa pabaya. Mimi maumivu nilikuwa nayasikia gotini, goti likapigwa eksirei mara mbili, safi kabisa. Nikaanza kuambiwa najiendekeza. Mpaka daktari mmoja akanilaza, akakunja mguu, akauzungusha taratibu kwa ndani. Nilipiga ukelele korido nzima ikasikia. Kumbe nyonga ndiyo mgonjwa, goti linasingiziwa tu. Akaniuliza, "Mama, soksi unavaaje?" Nikakumbuka ni miezi navalishwa na binti yangu.

Mpole:
Hiyo ya soksi. Mimi pia.

Mzee wa Ute:
Poleni wanangu. Hapo mafuta ya goti yamekauka. Nilimeza glukosamini, vile vidonge vya virutubisho vya viungo, miezi sita, ute ukarudi, sasa natembea kama kijana.

Msoma Ripoti:
Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo habari ya ute kurudi kwa kidonge ina walakini. Mwaka 2006 zilitoka takwimu za Marekani, watu zaidi ya 1,500 wenye magoti kama yetu. Wengine walipewa glukosamini, wengine kondroitini, kirutubisho kingine cha viungo, wengine zote mbili, na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Waliomeza kidonge kitupu, takribani sita katika kila kumi walisema wamepata nafuu. Glukosamini haikuwapita kwa maana.

Mzee wa Ute:
Wewe goti linakuuma au unasoma tu?

Msoma Ripoti:
Yananiuma na nasoma. Nilichana kano ya goti kwenye mpira nikiwa na miaka 22. Kufika 35 nikawa naamka nalo limekakamaa, dakika kumi, kumi na tano, ndipo linakubali kukunjika. Ndipo nikaelezwa kwamba ukakamavu wa asubuhi usiofika nusu saa ndiyo tabia ya kusagika. Ukizidi saa nzima na vidole vimevimba pande zote mbili, kachunguzwe baridi yabisi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, hiyo ni habari nyingine na dawa zake nyingine.

Mzee wa Ute:
Basi hicho kidonge kitupu nipeni nami, ilimradi natembea.

Daraja la Nne:
Naomba nimwage yangu. Eksirei yangu iliandikwa daraja la 4. Hayo madaraja ni ya Kellgren na Lawrence, tangu 1957, yanaanzia 0 na yanaishia hapo kwenye 4, yaani nafasi kati ya mifupa imekaribia kwisha. Nilivyosoma nikajiona marehemu. Ila goti la pili nalo lina daraja hilohilo na haliniumi hata kidogo! Hakuna aliyeniambia kwamba picha na maumivu mara nyingi havilingani. Nikatoka pale naamini dawa yangu ni kutuliza tu.

Nikawa nameza diklofenaki asubuhi na jioni, tumbo tupu, usiku naongeza ibuprofeni. Miezi saba. Choo kikaanza kuwa cheusi kama lami, nikajisemea mwili unatoa uchafu. Siku hiyo niko ngazini, nimebakiza vidato vinne, macho yakaingia giza. Nikakaa. Nikatapika. Damu, tena ina mabonge meusi. Aliyetokea ni jirani ambaye hatusalimiani mwaka mzima kwa sababu ya deni. Hakuuliza kitu, akanibeba mgongoni. Kila kidato nasikia goti lake linalia, kaa, kaa, kaa, na mimi nimeuweka uso begani mwake namchafua shati. Vidonge vile vilinitia kidonda cha tumbo, kikawa kimekula mshipa. Niliongezwa chupa tatu za damu.

Mpole:
Pole sana. Nimesoma nimeshika tumbo.

Bi Nyonga:
Na jirani? Mlipatana?

Daraja la Nne:
Tulipatana. Anaendelea kunidai.

Kilo Hamsini:
Hahaha! Ila goti la huyo jirani nani kalipima? Huo uzi ndio nautaka.

Harusini:
Badala ya vidonge, mkachome sindano ya gotini. Ilinifikisha harusi ya mwanangu, nikacheza mpaka mwisho.

Msoma Ripoti:
Kwa wiki chache inasaidia, sikatai. Usiifanye mazoea. Mwaka 2017 kuna watu 140 waliofuatwa miaka miwili, nusu wakichomwa triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kila baada ya wiki 12, nusu maji ya chumvi. Maumivu yakawa sawa, na waliochomwa dawa gegedu yao, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ikapungua zaidi.

Harusini:
Harusi ilikuwa moja, kaka. Sikucheza miaka miwili.

Dada Kamera:
Mimi nimeshauriwa kuingiziwa kamera goti lisafishwe. Nani kafanya?

Msoma Ripoti:
Tafuta habari ya utafiti wa Houston, Marekani, wa 2002. Watu 180, wengine walisafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu na maji yakamwagwa chumbani ili wasikie mlio. Miaka miwili, hakuna tofauti.

Dada Kamera:
Wakadanganywa?! Huo ni ukatili.

Msoma Ripoti:
Waliandika wenyewe kwenye faili kwamba huenda wakapata upasuaji wa uongo. Wengi walikataa, nao hawakuingizwa kwenye utafiti.

Dada Kamera:
Ningekuwa wa kwanza kukataa. Kuchanwa bure!

Mwalimu wa Mazoezi:
Mnasahau la bure: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka tano, shusha. Paja likiwa na nguvu goti linapumua. Na uzito: ukipunguza kilo moja, kila hatua goti linapunguziwa kama kilo nne.

Kilo Hamsini:
Na sisi wa kilo 52? Nipunguze mifupa?

Mwalimu wa Mazoezi:
Wewe muulize bibi yako, mambo mengine ni ya kurithi. Fimbo je? Ishikeni mkono wa upande wa goti zima, siyo upande wa bovu.

Mzee wa Ute:
Uongo huo. Fimbo hukaa upande unaouma.

Kinyumenyume:
Nimejaribu sasa hivi na mpini wa ufagio, mkono wa kushoto, korido nzima kwenda na kurudi. Mwalimu yuko sahihi. Mwanangu kasimama mlangoni ananiuliza nafagia nini.